Mashine kuukuu ya CNC ya useremala: anza kukagua kwenye kabati la umeme

Karakana ya samani ikianza kukua, iwe Keko jijini Dar es Salaam au kando ya barabara ya Ngong kule Nairobi, hufika siku oda za makabati ya jikoni zikazidi mikono iliyopo. Mteja anataka milango hamsini na yote ifanane. Hapo ndipo dalali anapotuma kwenye simu picha ya mashine kubwa ya Kiitaliano ya mwaka 1999, tani nne za chuma, imepakwa rangi upya, kwa bei inayokaribiana na ya mashine mpya nyepesi kutoka China. Inafuata video fupi: kichwa cha mashine kinakimbia juu ya ubao. Na mwenye karakana anauliza kama ambavyo angeuliza kuhusu gari: bado ni nzima?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa neno moja, kwa sababu mashine ya CNC, yaani inayokata kwa kuongozwa na kompyuta, ni vitu viwili vinavyozeeka kwa namna mbili tofauti. Kuna chuma: fremu, reli, skrubu ndefu zinazosukuma kichwa, na spindeli inayozungusha kisu. Kisha kuna elektroniki: kompyuta inayosoma mchoro, bodi zinazoziamrisha mota, programu na kumbukumbu yake. Chuma huchakaa kwa kazi. Elektroniki huzeeka kwa kalenda, hata kama mashine imefunikwa turubai na haijaguswa mwaka mzima. Unaweza kupata fremu ambayo itakata mbao miaka mingine ishirini bila kulalamika, huku bodi iliyomo kwenye kabati lake la umeme ikiwa imebakiza mwezi. Wanunuzi wengi huinama kutazama reli na kupapasa meza. Mimi nashikilia kwamba ukaguzi uanzie kwenye kabati la umeme, kwa kuwa kinachoigeuza mashine kuwa chuma chakavu mara nyingi kimo humo.

Ndani ya kabati la umeme

Mwombe muuzaji alifungue na apige picha kila bodi, kila mota, kila kibandiko chenye namba. Akikataa, au akituma tena picha ya rangi mpya, umeshajua unaongea na nani.

Cha kwanza kuuliza ni betri. Mashine nyingi za kizazi hicho hutunza parameta zake kwenye kumbukumbu inayoishi kwa betri ndogo. Parameta ndizo zinazoiambia mashine kila mhimili, yaani kila njia ambayo kichwa hupita, una urefu gani, mota isukume kwa nguvu kiasi gani, meza inaanzia wapi na kila kisu kimekaa kwenye nafasi ipi. Umeme ukiwepo, betri haina kazi kubwa. Ukikatwa, ni yenyewe pekee inayolinda taarifa hizo. Sasa fuata safari ya mashine. Kiwanda cha Ulaya kinaizima, inakaa ghalani miezi kadhaa, inapanda meli, inasubiri bandarini Dar es Salaam au Mombasa, kisha inasubiri tena uani kwako mpaka fundi umeme amalize kazi yake. Betri iliyokuwa imechoka inaishia njiani. Mashine inafika haina kovu hata moja, ila imesahau kila kitu. Kuirudisha bila nakala ya parameta kunahitaji fundi anayeijua chapa hiyo kwa undani, na yeye huenda yuko Rimini au Pesaro, miji ya Italia ambako SCM na Biesse zina makao yao.

Kinga yake ni rahisi mno ukilinganisha na hasara. Kabla mashine haijazimwa huko iliko, parameta zinakiliwa kwenye flashi au diski, zinachapwa pia kwenye karatasi, na betri inabadilishwa mashine ikiwa bado inawaka, kwa kufuata kitabu chake. Nakala hiyo itumwe kwako hata kabla kontena halijafungwa. Inaniuma kila ninapoona tani nne za chuma kizuri zimelala uani mwa karakana iliyojinyima miaka ili kuzinunua, kwa kukosa faili ambalo lingeingia kwenye flashi ya bei ya soda chache.

Kisha kuna kompyuta yenyewe. Nyingi zilitumia DOS, Windows 98 au NT, na zilizokuja baadaye zikatumia XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014. Ukongwe wa Windows peke yake usikutishe. Mashine ya kukata mbao haihitaji intaneti. Cha kuhofia ni diski kuu, ambayo ina sahani inayozunguka na siku moja itakwama, pamoja na zile kadi maalumu zinazoiunganisha kompyuta na mota, ambazo matundu yake hayapo tena kwenye kompyuta za leo. Fundi kompyuta mzuri anaweza kuinakili diski nzima na kuihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu isiyo na kitu kinachozunguka. Kazi hiyo ifanyike wiki ya kwanza, mashine ikiwa bado inawaka vizuri. Ulizia pia kifunguo cha programu, kile kidude kidogo kinachochomekwa nyuma ya kompyuta ya ofisi na bila hicho programu ya kuchorea haifunguki. Kiwanda kinapofungwa, kompyuta za ofisini huuzwa kwanza, na kidude hicho huondoka nazo.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: mashine ya mwaka 1997 inaweza kuwa rahisi kuokoa kuliko ya mwaka 2007. Katika mashine nyingi za zamani, kompyuta iliamrisha draivu za mota, zile bodi zinazoipa mota umeme wa kuizungusha, kwa ishara ya kawaida ya umeme, kati ya volti -10 na +10. Ishara hiyo haina chapa wala siri. Kompyuta ikifa, unaweza kuweka nyingine ya kampuni nyingine, ukaacha mota na draivu zilezile. Ipo hata LinuxCNC, programu ya bure ambayo chimbuko lake ni taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, na watu huitumia kufufua mashine za namna hii. Baadaye watengenezaji wakahamia mawasiliano ya kidijitali, ambamo draivu na kompyuta huzungumza lugha yao, mara nyingi ya mtengenezaji mmoja tu. Ya namna hii ikifa akili, mara nyingi hubadilishi kompyuta peke yake; unabadilisha kompyuta, draivu, na wakati mwingine mota pia. Kwa hiyo picha za draivu zenye namba zinazosomeka zina thamani kuliko mwaka uliogongwa kwenye kibao cha mashine. Mpelekee anayezijua: mhandisi wa umeme wa viwandani, mwalimu wa DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), au fundi anayehudumia mashine za viwanda vya plastiki na vya chakula, kwa kuwa draivu ni za ukoo mmoja.

Jambo la mwisho ndani ya kabati hili ni lugha ya mafaili. Mashine ndogo za Kichina kwa kawaida husoma jikodi (G-code), lugha ya amri ambayo karibu kila programu ya kuchorea hutoa. Za Ulaya zina mafaili yao: Biesse hutumia BPP na CIX, SCM ilitumia XXL, Homag na Weeke hutumia MPR ya woodWOP. Kabla ya kulipa, hakikisha programu unayochorea leo inaweza kutoa faili la aina hiyo, au kwamba programu ya mashine inakuja nayo ikiwa na kifunguo chake. Vinginevyo kijana wako wa michoro atarudi kuandika kila mlango kwa mkono kwenye kioo cha mashine.

Chuma kipimwe kikikata

Mashine inayokwenda hewani haithibitishi chochote. Omba ikate mduara wa kipenyo cha milimita 300 kwenye MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18, na video ioneshe tangu ubao unapowekwa mpaka kipande kinapopimwa.

Mduara una sababu yake. Kichwa kinapozunguka, kuna sehemu nne, juu, chini, kushoto na kulia, ambapo mhimili mmoja husimama na kugeuka kurudi ulikotoka. Kama skrubu imelegea kwenye nati yake, au meno ya gia yamelika, kuna upenyo mdogo ambamo mota inazunguka lakini kichwa bado hakijaondoka. Upenyo huo huacha alama palepale: kibapa kidogo au kingazi. Macho yanaweza kukosa kuiona, lakini ukipitisha ukucha taratibu kwenye ukingo utaisikia, sehemu nne, kila moja mahali pake. Kisha chukua venia upime kipenyo kwa urefu, kwa upana, na kwa mishazari miwili. Urefu na upana vikipishana, kuna mhimili usiofuata amri sawasawa. Vyote viwili vikiwa sawa lakini mishazari ikapishana, mihimili haijakaa pembe mraba.

Kukosa pembe mraba hupimika vizuri zaidi kwa kipande kikubwa. Kata mraba wa milimita 1000 kwa 1000, pima kutoka kona hadi kona. Tofauti ya milimita 1.4 kati ya mishazari hiyo miwili ina maana kwamba mashine imepinda milimita moja kwa kila mita. Mlango wa kabati uliokatwa hivyo utaonekana umepinda siku ya kufungwa. Hata hivyo kasoro hii mara nyingi hurekebishwa kwa kulegeza bolti na kupanga upya, kwa hiyo itumie kushusha bei, usiikimbie. Vile vibapa vinne ndivyo vya kuogopa, maana dawa yake ni vipuri.

Mduara ukatwe mara mbili: mara moja kwenye kona ya meza isiyotumika sana, mara nyingine mahali mashine ilipozoea kufanya kazi. Kiwanda kilichotoboa mbao za ukubwa mmoja miaka kumi hula reli sehemu moja tu. Mashine kama hiyo hukata vizuri kwenye kona na kutikisika katikati, na muuzaji mjanja hukuonesha kona.

Spindeli inastahili muda wake. Hiki ndicho kipuri ghali kuliko vyote upande wa chuma, na kwa mashine ya bei ya chini kuitengeneza upya kunaweza kula sehemu kubwa ya ulichookoa. Iwashwe ikiwa baridi kabisa, sauti isikike, ipandishwe taratibu hadi mizunguko 18,000 kwa dakika na iachwe nusu saa. Beringi nzima hutoa sauti moja iliyonyooka. Mlio unaopanda na kushuka, mkwaruzo wakati inapopungua kasi, au joto linalokufanya uondoe mkono haraka mara spindeli inapokuwa imesimama, vyote ni dalili za beringi zilizochoka. Mwenye geji ya sindano aiegemeze ndani ya mdomo wa spindeli na kuizungusha kwa mkono. Sindano ikipita milimita 0.02, uliza maswali. Angalia pia kinachoshika kisu. Ikiwa ni cha aina ya ISO 30 au HSK F63, vishikio vinapatikana hadi leo.

Fundi wa huku ana sababu ya ziada ya kuwa mkali kwenye spindeli, na ni mbao zetu. Mvule huweza kuwa na mawe ndani yake, chokaa iliyoganda ndani ya mti, ambayo huvunja jino la kisu na kuipiga spindeli kishindo. Mtiki una silika inayoondoa makali mapema, na kisu butu hulazimisha beringi kubeba mzigo usio wake. Mashine iliyokata MDF maisha yake yote huko Ulaya haijawahi kukutana na kazi hiyo. Weka bajeti ya visu vya kabaidi vya ubora, na tafuta mapema mahali pa kuvinoa.

Meza yake inafaa kazi yako?

Mashine nyingi kuukuu za Ulaya hazikutengenezwa kukata ubao mzima wa futi nane kwa nne. Zilipokea vipande vilivyokwisha kukatwa kwa msumeno wa paneli, zikavishika kwa vikombe vya kunyonya hewa vilivyopangwa juu ya nguzo, zikatoboa matundu ya bawaba na kuchonga kingo. Kwa kazi hiyo ni hodari mno, zenye safu za keekee zinazotoboa matundu mengi kwa mpigo mmoja. Lakini kama biashara yako ni kulaza ubao mzima na kutoa makabati yote kwa mpangilio mmoja, unahitaji meza bapa inayonyonya eneo lote, na upana wa kazi usiopungua milimita 1220. Baadhi ya mashine hizo haziufikii. Pima upana ambao kisu kinafika, siyo upana wa meza. Kuna wanaoweka meza ya MDF juu ya vile vikombe, na inawezekana, ila pampu iliyopangiwa vikombe mara nyingi huwa ndogo kwa meza nzima inayovuja.

Na pampu ya vakyumu haitoi nguvu yake mwenyewe. Kinachokandamiza ubao ni uzito wa hewa iliyo juu yake, karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba ukiwa usawa wa bahari. Kipande cha sentimita 10 kwa 10, pampu ikiondoa asilimia 80 ya hewa chini yake, hukandamizwa kwa takribani kilo 80 jijini Dar es Salaam. Nairobi, yenye mwinuko wa karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita au zaidi kidogo, na kipande kilekile kitashikwa kwa kilo 65 hivi kwa pampu ileile. Mafinga, mkoani Iringa, hali ni hiyohiyo. Vipande vidogo huanza kuteleza huko juu wakati pampu haina ubaya wowote, na dawa ni kuacha ngozi nyembamba ya mbao isiyokatwa chini ya kipande au kukata kwa awamu mbili.

Umeme

Mashine ya namna hii, pamoja na pampu, kompresa na kivuta vumbi, hufika kilowati 20 kwa urahisi. Bila umeme wa njia tatu usianze hata mazungumzo. Iliyotoka Italia au Ujerumani inalingana na huku: volti 400, hezi 50. Iliyotoka Marekani, Kanada au Saudia ni ya hezi 60. Spindeli haitajali tofauti hiyo ya hezi, kwa sababu ina inveta yake, kifaa kinachoitengenezea hezi inazohitaji, lakini mota ya pampu na ya kivuta vumbi zitazunguka polepole kwa asilimia 17, na zikipewa volti zisizolingana zitaungua. Usisahau kifaa cha kukata umeme njia moja inapopotea. Umeme wetu hupoteza njia moja mara kwa mara, na bodi ya mwaka 1999 haitakusamehe mara ya pili. Kivuta vumbi nacho si cha hiari: shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995, na mashine hii huzalisha vumbi jingi.

Kuukuu ya Ulaya au mpya ya China

Mashine mpya za bei nafuu, nyingi zikitoka Jinan katika jimbo la Shandong, ni nyepesi na fremu zake hutikisika ukizilazimisha kukata mninga kwa kina kikubwa. Lakini kila kilichomo ndani yake ni kipuri cha kawaida: mota ya stepa au servo ya kawaida, inveta ya kawaida, kikontrola cha mkononi ambacho kikiungua unaagiza kingine na fundi umeme wa mtaani anakifunga. Kwa karakana yenye mashine moja tu na oda zinazosubiri, naipendekeza hiyo bila kusita. Siku mashine yako pekee inapokaa kimya miezi miwili ikisubiri bodi kutoka Ulaya, wateja hawasubiri nayo.

Ya Ulaya iende kwa yule ambaye tayari ana njia nyingine ya kukata, ana kazi ya kutosha kuijaza siku nzima, ana mtu wa elektroniki anayemwamini, na amebakiza fedha. Kwangu kipimo ni hiki: bei ya kununua isizidi nusu ya bajeti nzima. Nusu ya pili italiwa na meli, ushuru na VAT (asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya), kreni, sakafu ya zege, kebo, visu, na akiba ya kubadilisha kompyuta yote siku itakapokufa. Kama akiba hiyo haipo, mashine ni ghali hata ikitolewa bure.

Ukiamua kununua, gawa malipo. Sehemu ya kwanza ilipwe baada ya ule mduara kukatwa mbele ya kamera, na vipimo vyake kusomwa. Sehemu kubwa ilipwe pale nakala ya parameta, michoro ya umeme na picha ya kifunguo cha programu vitakapokuwa mkononi mwako, na daraja la mashine, ile boriti inayobeba kichwa, likiwa limefungwa kwa vishikio vyake vya safari, kwa kuwa likiachwa huru skrubu ndizo zitakazobeba kila wimbi hadi bandarini. Omba vipimo vya nje vya mashine kabla ya kukodi kontena: mlango wa kontena la kawaida una upana wa karibu mita 2.34 na kimo cha mita 2.28. Mashine ikizidi hapo itahitaji kontena la juu wazi au la jukwaa, na bei yake ni nyingine kabisa.